Jeki Huinua, Haishikilii: Historia ya Jeki kwa Mwenye Gari la Chini Kwenye Mchanga

Ukiingia duka la spea ukaulizia jeki, swali utakalorudishiwa mara nyingi ni moja: "Ya tani ngapi?" Si swali baya. Ila kama unakaa Lulindi, au huko juu Newala na Kitangari, na gari yako ni Vitz, IST, Passo au Mark X, tani ni namba ya mwisho kukuumiza kichwa. Gari zima la aina hiyo lina uzito wa kati ya tani 1 na tani 1.6 hivi, na wewe unainua kona moja tu. Jeki ya tani 2, ambayo ni ya kawaida kabisa dukani, inatosha na kubaki.

Maswali magumu ni mengine. Je, jeki itaingia uvunguni mwa gari? Ikishaingia, mchanga utaibeba? Na ikigoma ghafla gari likiwa juu, nini kitazuia lisikuangukie? Watu wamekuwa wakiyajibu maswali haya kwa karne nyingi, na majibu yao ndiyo yaliyoitengeneza jeki tunayoijua leo. Twende nayo taratibu, maana ukiielewa historia hii utajichagulia jeki mwenyewe bila kumtegemea muuzaji.

Ngata ilitangulia

Kabla ya gari, mzigo wa kusini ulisafiri juu ya kichwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika Masasi na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Walitembea kutoka pwani ya Lindi, na kila walichokuwa nacho kilibebwa. Miaka 30 baadaye, mwaka 1906, Mjerumani Karl Weule kutoka makumbusho ya Leipzig alizunguka Masasi na Newala kwa mtindo uleule: miguu na wapagazi. Hata Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika Newala mwezi Novemba 1917, magari yalikuwepo, lakini sehemu kubwa ya chakula na risasi bado ilikuwa juu ya vichwa vya watu. Na kwa akina mama wa uwanda wa Makonde, ambako mvua huzama mchangani na chemchemi ziko chini mabondeni, kichwa kiliendelea kuwa lori la maji kwa miaka mingi baada ya hapo.

Sasa angalia kitu kimoja. Mama anayebeba ndoo ya lita 20 haanzi na ndoo, anaanza na ngata. Ndoo ina kilo 20 akiwa na ngata au asipokuwa nayo. Ngata haipunguzi uzito hata kidogo. Inachofanya ni kuusambaza uzito uleule kwenye eneo kubwa zaidi la kichwa, kwa hiyo kila sentimita ya ngozi inabeba kidogo. Wanafizikia wanaita jambo hilo mgandamizo: nguvu gawanya kwa eneo. Ikumbuke ngata, tutaihitaji tukifika mchangani.

Skrubu: mlima unaopandwa kwa kona

Kumbeba mtu mzigo kichwani ni jambo moja, kukiinua kitu kizito kuliko watu kumi ni jambo jingine. Dawa ya zamani kuliko zote ni wenzo. Unachomeka mtaimbo mrefu chini ya gogo, unaweka jiwe kama egemeo, unakandamiza ncha ya mbali, gogo linanyanyuka. Shida ya wenzo ni kwamba ukiachia tu, mzigo unarudi ulikotoka. Lazima mtu aendelee kuushika.

Skrubu ndiyo iliyoondoa shida hiyo. Huko Ufaransa, katika karne ya 13, mtu aitwaye Villard de Honnecourt alijaza daftari la michoro ya majengo na mitambo, na mmoja wa michoro hiyo ni mashine ya kuinulia vitu vizito kwa skrubu kubwa ya mti. Ukiitazama skrubu vizuri utaona kwamba si kitu kigeni. Ni mteremko uliosokotwa kuzunguka nguzo. Ni kama barabara inayopanda mlima kwa kona: badala ya kwenda wima, unazunguka safari ndefu, lakini injini haichoki. Unazungusha mpini mara nyingi, mzigo unapanda kidogo kidogo.

Na kuna faida ya pili ambayo ni kubwa kuliko ya kwanza. Nyuzi za skrubu zikiwa na mteremko mdogo, msuguano unazizuia zisijizungushe kurudi nyuma. Ukiacha mpini ukaenda kunywa maji, mzigo unabaki pale pale. Jeki ndogo ya mkasi inayokuja kwenye buti la gari la Kijapani ni mjukuu wa mashine ile: skrubu ndefu imelala, inavuta mikono minne ya chuma, mkasi unafunga, gari linapanda. Kumbuka tu kwamba mkasi ukiwa umelala chini kabisa ndipo skrubu inapovuta kwa shida zaidi. Ndiyo maana mizunguko ya mwanzo ni mizito, halafu unavyopanda inalegea. Haimaanishi jeki ni mbovu.

Maji yanayosukuma tani

Njia ya tatu ya kuinua ilitoka kwenye maji. Kitabu cha Mfaransa Blaise Pascal kuhusu vimiminika kilichapishwa mwaka 1663, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Ndani yake alieleza kwamba ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, mgandamizo unasambaa sawasawa kila upande. Maana yake ni kwamba ukiunganisha pistoni ndogo na pistoni kubwa kwa maji, ile kubwa itasukuma kwa nguvu kubwa zaidi, kwa uwiano wa maeneo yake.

Fanya hesabu. Pistoni ndogo ina kipenyo cha sentimita 1, kubwa ina sentimita 3. Eneo la kubwa ni mara 9. Ongeza mpini wenye uwiano wa 10 kwa 1, unapata mara 90. Ukikandamiza mpini kwa nguvu ya kubeba kilo 10, pistoni kubwa inainua kilo 900 (tukiacha kando msuguano). Bure hakuna, lakini: ili kubwa ipande sentimita 1, ndogo lazima isukumwe jumla ya sentimita 9. Ndiyo sababu unapampu, unapampu, unapampu.

Ilichukua zaidi ya miaka 100 wazo hilo kuwa mashine. Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashine yake ya kugandamiza kwa maji mwaka 1795. Kilichokuwa kimewashinda watu kilikuwa kitu kidogo sana: maji yalivuja pembeni mwa pistoni. Dawa yake, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya Henry Maudslay, fundi wa Bramah, ilikuwa pete ya ngozi yenye umbo la kikombe. Mgandamizo ukipanda, maji yenyewe yanaitanua ngozi na kuibana zaidi kwenye silinda. Leo kazi hiyo inafanywa na sili ya mpira, lakini wazo ni lilelile.

Hapo ndipo pa kuweka alama. Skrubu inashikiliwa na chuma juu ya chuma. Jeki ya oili inashikiliwa na pete ya mpira na kigololi kidogo cha vali. Mpira unazeeka, na punje moja ya uchafu kwenye vali inatosha oili ipite. Gari linashuka, pengine polepole, pengine kwa mara moja.

Siku silinda ilipopasuka

Kama unadhani hilo ni tatizo la jeki za bei rahisi tu, sikia habari ya Wales. Mwaka 1849 mhandisi Robert Stephenson alikuwa akijenga daraja la reli la Britannia juu ya mlangobahari wa Menai. Daraja lilikuwa la mabomba makubwa ya chuma ya pembe nne, treni ipite ndani. Bomba moja refu lilikuwa na uzito wa tani 1,500 hivi, na lilitakiwa kupandishwa zaidi ya mita 30 kwa mashine za maji za aina ya Bramah. Kwa wakati ule hakukuwa na mashine za kuinulia zenye nguvu kuliko hizo.

Stephenson alitoa amri iliyoonekana kama ya mtu mwoga: kila bomba linapopanda kidogo, mafundi wajaze nafasi iliyoachwa chini yake, wasisubiri. Ilichelewesha kazi. Halafu mwezi Agosti mwaka huo, bomba likiwa linapandishwa, kitako cha silinda ya mashine kilipasuka. Bomba lilianguka. Lilianguka umbali wa sentimita 20 hivi tu, likatua juu ya vile vilivyokuwa vimejazwa chini yake. Liliumia, likatengenezwa, likapandishwa tena, na daraja likafunguliwa mwaka uliofuata. Bila ule ujazo, lingekwenda lote.

Kwangu mimi, hiyo ndiyo siku muhimu kuliko zote katika historia ya jeki. Mashine bora ya wakati wake, chini ya usimamizi wa mmoja wa wahandisi bora wa wakati wake, ilifeli katikati ya kazi. Kilichookoa kazi hakikuwa jeki nzuri zaidi. Kilikuwa kitu kisichosogea kilichowekwa chini ya mzigo. Jeki huinua, kushikilia ni kazi ya kitu kingine.

Jinsi tulivyorithi jeki ya malori

Miaka miwili baada ya ajali ile, mwaka 1851, Richard Dudgeon, fundi mzaliwa wa Uskoti aliyeishi New York, alipata hataza ya jeki ya kimiminika inayobebeka. Akaifanya mashine ya Bramah iwe kitu ambacho mtu mmoja anaweza kwenda nacho kwenye kazi. Jeki ya chupa tunayoijua ni ya ukoo huo: wima, nene, yenye pistoni inayotoka juu.

Na ndiyo iliyozoeleka kwetu. Sababu iko kwenye aina ya magari. Ford Model T, gari lililotapakaa duniani kuanzia mwaka 1908, lilikuwa na nafasi ya sentimita 25 hivi chini yake, kwa sababu barabara za zama zake zilikuwa mbovu. Huku kwetu, mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ulileta matrekta na malori Nachingwea, jirani kabisa na Masasi. Mradi ulikufa mwaka 1951, na reli iliyojengwa kwa ajili yake ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilichobaki kubeba korosho, mihogo na watu kilikuwa lori na Land Rover. Magari hayo yako juu, yana ekseli nene, na chupa inaingia chini ya ekseli bila maswali. Swali la "tani ngapi" linatoka huko. Kwa dereva wa lori lenye shehena ya korosho, tani ndiyo kila kitu.

Mambo yalibadilika taratibu. Mwaka 2003 daraja la Mto Rufiji lilifunguliwa, likapewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mwenyewe mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Safari ya Dar es Salaam ikaacha kusubiri kivuko. Lami ikasogea. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, kilomita 210, nayo ikaanza kuwekwa lami kipande kwa kipande. Kwa mara ya kwanza ikawa jambo la kawaida mwalimu, muuguzi au mkulima wa korosho kumiliki gari dogo la Kijapani lililotumika, lililoundwa kwa ajili ya mitaa laini ya Japani. Gari likashuka chini. Jeki iliyozoeleka ikabaki na kimo cha lori.

Hesabu ya mchangani

Haya, tufike nyumbani. Chukua rula, nenda kwenye gari yako, pima kutoka ardhini hadi kwenye sehemu ya kuwekea jeki. Kwa magari mengi madogo ni ukingo wa chuma chini ya milango, kati ya vikato viwili vidogo, nyuma kidogo ya tairi la mbele au mbele kidogo ya tairi la nyuma. Tuseme umepata sentimita 19.

Sasa toa. Siku ya kuhitaji jeki, tairi huenda limekwisha upepo kabisa na kona hiyo imeshuka sentimita 5 hivi. Umebaki na 14. Halafu mchanga. Kona moja ya gari ina uzito wa kilo 300 hivi. Kitako cha jeki ya mkasi kina kama sentimita 10 kwa 7, yaani sentimita 70 za mraba, kwa hiyo kila sentimita ya mraba ya ardhi inabebeshwa zaidi ya kilo 4. Mtu mzima aliyesimama kwa miguu miwili anaibebesha ardhi kilo 0.2 hivi. Jeki inakandamiza mchanga karibu mara 20 kuliko wewe! Ndiyo maana inazama, inainama, halafu inateleza.

Hapo inarudi ngata. Ubao wa sentimita 30 kwa 30 unaushusha mgandamizo hadi kilo 0.33. Mchanga uliosawazishwa unabeba. Lakini ubao mnene wa sentimita 4 nao umekula nafasi yako: umebaki na sentimita 10.

Huu ndio mtego wa gari la chini kwenye ardhi laini: kinachoizuia jeki isizame ndicho kinachoizuia isiingie. Linganisha na vimo vya dukani. Jeki ya chupa ya tani 2 huanzia sentimita 15 hadi 18, haiingii. Jeki ya kawaida ya magurudumu huanzia 13 au 14, haiingii. Ya mkasi huanzia 9 au 10, inaingia kwa kubana. Ya magurudumu iliyotengenezwa kwa ajili ya magari ya chini huanzia 7.5 hadi 9, inaingia.

Unaweza pia kuupunguza unene wa ngata. Bamba la chuma la milimita 6, lenye ukubwa uleule, lina uzito wa kilo 4 hivi na linakaa kwenye buti. Mwambie fundi wa kuchomelea alizungushie ukingo mdogo juu yake ili kitako cha jeki kisiteleze. Hapo umejirudishia zaidi ya sentimita 3. Au chimba: fukua mchanga chini ya ukingo, sawazisha, weka ubao ndani ya shimo. Hakuna sentimita za bei nafuu kuliko hizo.

Basi nunua ipi? Kama uani kwako ni udongo au mchanga, jeki imara ya mkasi pamoja na bamba. Jeki ya magurudumu ni nzuri sana, lakini mkono wake unapanda kwa kuchora tao, kwa hiyo jeki lazima ijongee kidogo kadiri gari linavyopanda. Magurudumu yake madogo yakizama mchangani, hayajongei. Kitakachojongea ni gari, au kichwa cha jeki kitateleza kutoka kwenye ukingo. Kama una sakafu ya zege, hapo ndipo jeki ya magurudumu ya kimo kifupi inapostahili hela yake. Chupa mwachie mwenye pikapu.

Mawe, stendi, halafu mwili wako

Kabla ya kuinua, weka mawe au vigogo kwenye matairi yanayobaki chini. Usitegemee handibreki pekee: kwa magari mengi inashika matairi ya nyuma, na ukiinua moja la nyuma umebaki na nusu. Wala usitegemee gia ya P. Kwa gari linaloendeshwa na matairi ya mbele, ukiinua tairi moja la mbele, difu inaliruhusu lililobaki chini kuzunguka. Gari linajongea, jeki inalala.

Ukibadilisha tairi tu, lisukume tairi la spea chini ya ukingo wa gari, karibu na jeki. Jeki ikifeli, gari litatua juu yake na utapata nafasi ya kuondoa mkono. Kama unataka kuingia uvunguni, hata kwa dakika moja kukaza nati, nunua stendi mbili za chuma. Nyingi huanzia sentimita 27 au 28, kwa hiyo hakikisha jeki yako inafika juu zaidi ya hapo. Na stendi nazo ziwekee ngata, zina miguu myembamba. Usitumie bloku wala tofali. Vinaonekana imara, lakini ukingo mwembamba wa chuma ukikaa juu yake vinaweza kupasuka bila kutoa onyo. Huna stendi? Panga magogo mazito ya mraba kwa kupishana, mawili hivi, mawili vile, hadi yafike. Hicho ndicho alichokifanya Stephenson, na gari lako ni jepesi kuliko bomba lake mara elfu moja na zaidi.

Muuzaji akikuuliza tena "Ya tani ngapi?", mwambie ya tani 2 inatosha, halafu mwombe rula. Pima kimo cha jeki ikiwa imefungwa. Pima kitako. Muulize stendi ni shilingi ngapi, na kama hela haitoshi vyote viwili mwezi huu, nunua jeki, badilisha matairi, ila uvunguni usiingie mpaka stendi zipatikane.